Mtu wa Chuma Aliyevaa Koti la Ogola

Jumanne, 8 Julai

Bustani tena. Daktari alisema presha haishuki kwa maombi peke yake, nitembee. Basi natembea. Tuktuk kutoka Migosi hadi mzunguko, halafu miguu mpaka ziwani. Baridi. Koti, kofia ya sufi, na bado pua inachuruzika.

Nimezunguka kama kawaida. Samaki mkubwa wa mabati. Jukwaa lenye paa la mitumbwi iliyopinduliwa, ambalo wageni hulipiga picha na sisi hujikinga mvua chini yake. Ukuta wa vigae. Wanasema ule ukuta ni magugu ya ziwani. Mimi naona mchicha. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, najua kusoma shairi gumu, lakini ukuta ule umenishinda.

Wameleta kitu kipya. Kimesimamishwa karibu na benchi yangu, kimefunikwa turubai la buluu na kufungwa kamba. Benchi wameisogeza pembeni bila kuniuliza. Nimekasirika. Bustani nzima ina benchi, wakaona waguse yangu.

Jioni Omondi amepiga simu kutoka Nakuru. Ananong'ona. Nimemwambia mwanangu paza sauti, akasema anapiga kelele hadi majirani wanamchungulia. Vijana wa siku hizi hawana kifua. Alikuwa anasema kitu kuhusu baba yake mdogo na Jumamosi ya wiki ijayo. Sikupata vizuri. Nikasema sawa, sawa.

Jumatano, 9 Julai

Sasa nimejua nilisema sawa kwa jambo gani.

Ouma amekuja. Ouma ni mdogo wa mume wangu, ndiye aliyebaki na boma kule Pap Onditi. Amekuja na kuku. Hapo tu nikajua kuna neno, Ouma haleti kuku bure. Amekunywa chai, amesifu mapazia, ameuliza habari za presha. Kisha: "Shemeji, hii maneno ya Ogola tumalize. Watu wamechoka kungoja."

Hii maneno. Nimeacha kumsahihisha tangu nilipoolewa.

Wanataka kuzika yago. Jumamosi ya wiki ijayo.

Ogola, mume wangu, alipanda boti kwenda mazishi kisiwani. Upepo ukainuka, boti ikapinduka. Wenzake walipatikana, wengine hai, wengine la. Yeye hakupatikana, hata kiatu. Sasa ni miaka. Kwetu, mtu akimezwa na ziwa asionekane, wazee hukata tunda la yago, lile refu, zito kama mtoto wa kubebwa, wakalizika mahali pa mwili. Kaburi lake, sala yake, vilio vyake. Baada ya hapo mtu huyo amekufa, basi.

Mimi sijawahi kusema Ogola amekufa. Sijasema yu hai pia. Nimesema hajafika.

Najua kwa nini Ouma ana haraka, na si ubaya. Ni kwa ajili ya Omondi. Mwanangu ana mke, ana watoto, na bado hana boma lake. Baba ndiye humtoa mwana akaenda kufungua boma. Baba akifa, baba mdogo hushika nafasi hiyo. Lakini baba ambaye hajafa na hayupo? Hapo mila imekwama, na mwanangu amekwama nayo.

Nilimuuliza Ouma, na akirudi je? Aliyekwisha kuzikwa haingii tena kwa lango la boma kama mwenyewe. Tutakuwa tumemfungia nje kwa mikono yetu. Ouma alitazama chini, akasema, "Shemeji, atarudi kutoka wapi?"

Nimesema nitafikiri. Kuku nimemchinja. Hana kosa, lakini nilihitaji kufanya kitu kwa kisu.

Ijumaa, 11 Julai

Niandike polepole.

Turubai limeondolewa. Nilipofika kulikuwa na ukungu juu ya maji, nikaona mtu amesimama karibu na benchi yangu. Nikamsalimu. Oyawore. Hakuitikia. Nikasema tena kwa sauti, maana sipendi watu wasioitikia salamu. Ndipo nikaona ni chuma.

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Ni Ogola.

Si uso. Uso ni vipande tu, vijiko na majembe yaliyochomelewa, na kofia ya bati juu. Ni mkao. Shingo imelala upande, mkono wa kushoto umekingwa nyuma ya sikio. Hivyo ndivyo alivyosimama Ogola tangu mashine za kiwanda cha nguo zilipoliua sikio lake. Ukimwita, shingo inalala, mkono unapanda. Nilimtania maisha yote. Nilimwambia anafanana na mtu anayepima kama mvua inakuja.

Na koti. Lile koti la kiwandani la mifuko mipana, mfuko wa kulia umelegea kwa sababu ya kubeba spana. Fundi ameukunja bati ukalegea vilevile, upande uleule. Siku ya boti kulikuwa na jua kali, Ogola akaliacha nyumbani.

Mwaka ule wanawake wa Pap Onditi waliniletea koti hilo mkononi, limekunjwa. Kwetu mjane huvaa nguo ya mumewe wakati wa matanga, watu wamwone na wajue. Niliwaambia mimi si mjane. Mmoja wao akanung'unika. Nikalichukua nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikasema atalikuta hapo.

Sasa nani amemwona Ogola akiwa amevaa koti lile? Lini? Fundi wa sanamu hii ni nani?

Presha imepanda, nimeipima. Sikuenda kuzunguka.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemuuliza Mama Rose. Huyu hufagia bustani, mama wa Vihiga, mcheshi kupita kiasi, hana jambo asilolicheka. Nilimwonyesha sanamu, nikamuuliza huyu ni nani.

Alicheka mpaka akaegemea ufagio. "Mwalimu, kwani humjui? Huyo ni mtu wa benchi. Kila asubuhi yuko hapa na hiyo koti yake. Haongeleshi mtu. Anasikiliza boti tu, halafu anaenda zake." Kisha akaitwa kule vyooni, akaenda akicheka bado.

Kila asubuhi yuko hapa.

Nimekaa na maneno hayo kutwa nzima. Nimeunguza ugali. Mimi huwa hapa asubuhi, sijamwona mtu. Au anakuja kabla yangu? Au baada? Kama ni Ogola, kwa nini aje ziwani asije Migosi? Njia anaijua. Au maji yalimpotezea akili? Nimewahi kusikia watu wa namna hiyo, wanaokolewa upande mwingine wa ziwa, wanasahau hata jina. Lisemwalo lipo.

Na kama ni mzima wa akili, na yuko Kisumu, na ameamua asije? Hilo nimeliandika hapa, sitaliandika tena.

Fundi anaitwa Barasa. Ameenda Kakamega kwa kazi nyingine. Anarudi Alhamisi, askari wa langoni amesema. Simu yake haipokelewi.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani. Sikusikia mahubiri, mchungaji naye siku hizi anamung'unya maneno. Nilikuwa natazama visogo vya wanaume.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefika bustanini kabla ya wafagiaji. Baridi ya kukata masikio. Nimekaa kwenye benchi, koti mpaka kidevuni, nikamngoja.

Wamekuja wakimbiaji. Wamekuja wawili wa kupiga picha za harusi, bibi harusi ameinua gauni lisiguse umande, wakapiga chini ya mitumbwi. Amekuja mzee mmoja mrefu, moyo ukaruka, kumbe anatafuta choo. Boti ya kwanza imenguruma kutoka Dunga, nimesikiliza hadi imepotea. Ya pili hivyo hivyo. Mtu wa benchi hakuja. Tulikuwa wawili tu, mimi na lile lichuma, wote tunatazama maji kama wajinga.

Nimempigia Ouma. Nimemwambia asimamishe. Nimemwambia Ogola ameonekana Kisumu.

Kisha alisema kitu, sikukipata, nikamwambia arudie, akarudia kwa sauti ya kuita ng'ombe: yago limeshakatwa. Limelala kwake ndani ya nyumba, limefunikwa shuka. Wazee wameambiwa. "Shemeji, nani amemwona? Taja mtu."

Sikuweza kumwambia ni sanamu. Nilikata simu.

Jumanne, 15 Julai

Omondi ameshuka kutoka Nakuru, ameomba ruhusa kazini. Uso umevimba kwa hasira na usingizi. Ameanza mlangoni, kabla ya salamu. Baba mdogo amempigia, kijiji kizima kinasema Mama amerukwa na akili, na yeye afanye nini, aishi kwenye nyumba ya kupanga mpaka wajukuu zake wazaliwe? Nimemwambia aongee polepole. Akasema anaongea polepole. Nimemwambia basi asinune anapoongea, maneno yanapotelea mdomoni.

Nikamwambia twende uone mwenyewe.

Tumeenda. Nilivaa koti langu la kutembelea, yeye shati tu, vijana hawasikii baridi. Alikuwa bado ananung'unika njiani. Tulipofika nikasimama kando ya sanamu, nikamwambia tazama. Boti ilikuwa inapita nyuma yangu. Nikasubiri aniambie kwamba mimi ni mzee ninayeota.

Aliitazama sanamu. Akanitazama mimi. Akaitazama tena. Halafu uso wake ukabadilika, hasira yote ikatoka, akawa kama alivyokuwa mdogo akiwa na homa. Akageuka kutazama ziwa na kujifuta macho kwa mkono wa shati.

Kwa hiyo si mimi peke yangu. Mtoto amemtambua baba yake.

Nilimuuliza, ni yeye, sivyo? Akasema, "Mama, tumngoje fundi. Aseme yeye." Amenishika mkono mpaka kwenye tuktuk. Hajanishika mkono tangu darasa la tatu. Jioni amepika yeye. Hakutaja boma hata mara moja.

Nilidhani nitafurahi. Nimechanganyikiwa zaidi.

Jumatano, 16 Julai

Leo nimeiangalia sanamu kwa karibu, kama ninavyosahihisha insha ya mtoto anayeiba kutoka kwa jirani. Omondi alibaki nyumbani, anasema ana kazi za kwenye simu.

Vifungo. Fundi ametumia nati. Nati, kisha kizibo cha soda chekundu, kisha nati, nati. Cha pili kutoka juu ni chekundu.

Kwenye koti la Ogola cha pili kutoka juu ni chekundu. Nilikishona mimi. Mwaka jana. Cha asili kilidondoka na upepo wa ziwa ukawa unaingia kifuani, nikakata kifungo kwenye sweta kuukuu nikakishona hapo. Ogola hajawahi kukiona kifungo hicho. Hajawahi.

Nimerudi nyumbani. Alipataje kulivaa koti hilo? Aliingia humu? Ana ufunguo? Anakuja nikiwa sokoni, analivaa koti, anaenda bustanini, analirudisha msumarini? Nimekaa kitandani nikayawaza hayo yote kwa utulivu kabisa, mimi mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa. Nimelinusa koti. Linanuka sabuni yangu na mafuta yangu ya mgando. Hakuna harufu ya mtu mwingine.

Nimemwita Omondi nikamwonyesha kifungo. Aliketi kando yangu. Alisema, "Kesho, Mama." Tu.

Sielewi. Naomba kesho ifike. Naomba isifike.

Alhamisi, 17 Julai

Imefika.

Barasa ni mtu wa makamo, mfupi, mikono yote ina alama za kuungua. Alikuwa anapaka sanamu mafuta ya kuzuia kutu. Omondi alibaki nyuma kidogo karibu na samaki wa mabati. Sasa najua kwa nini.

Nilikuwa nimeandaa maswali. Nilikuwa nimeyapanga. Barasa aliponiona tu aliweka brashi chini, akafuta mikono kwa suruali, akatabasamu kwa haya. Akasema kitu. Boti ilikuwa inapita, sikukisikia.

Nikasema, nini?

Akaacha kutabasamu. Akanyoosha kidole, taratibu, kwangu. Kisha kwa sanamu. Akapaza sauti. "Hivyo, Mama. Hivyo hivyo ndivyo nilikuona."

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa nyuma ya sikio. Shingo yangu ilikuwa imelala upande. Nilikuwa nimevaa koti la Ogola.

Ni mimi. Ile sanamu ni mimi.

Alinieleza, mdomo karibu na sikio langu. Wakati wanajenga jukwaa alikuwa akiniona kila asubuhi. Mtu wa benchi, walikuwa wananiita, yeye na Mama Rose na vibarua. Mwanzoni kwa ile kofia na lile koti hawakujua kama ni mama au mzee. Nakaa, natazama maji. Boti ikinguruma naweka mkono hivi, naisikiliza ikija. Ikipita naushusha. Inayofuata, tena. Alisema hajawahi kuona mtu anasikiliza kwa mwili mzima namna ile. Alichora kwenye gunia la simiti. Akasema, "Samahani, Mama. Ningekuomba ruhusa. Lakini nilikuona umevaa koti ya mzee, nikajua uko kwa matanga. Mtu wa matanga hasumbuliwi."

Umevaa koti ya mzee. Nikajua uko kwa matanga.

Kila mtu alijua. Mama Rose, vibarua, askari wa langoni. Hata Barasa, mtu wa Bungoma, ambaye mila si yake, alitazama mara moja akajua. Niliwafukuza wanawake wa Pap Onditi na koti lao, nikalitundika msumarini, nikawa nalitoa msumarini kila kulipokucha na kulivaa, na kusema ni baridi. Baridi! Nina sweta ngapi?

Nyani haoni kundule. Methali hiyo nimeiandika ubaoni kila mwaka, na watoto walicheka kila mwaka.

Mama Rose alikuja mbio, akasema alidhani ninamtania nilipouliza huyu ni nani. Alidhani najua. Alilia kuliko mimi. Mimi sikulia. Niliketi kwenye benchi nikasikia uchovu wa kifua kizima. Omondi akaja akaketi. Alijua tangu Jumanne. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema asingeweza, na kwamba angesema nisingesikia. Hakuwa na maana ya masikio. Ingawa masikio pia, amesema tutaenda kupima.

Siku nzima nimejaribu kukasirika. Kukasirikia fundi, Ouma, daktari. Haikushika. Nina huzuni tu, na haya, na kitu kingine nisichokijua jina. Nimemsikiliza miaka yote. Nilidhani natembea kwa ajili ya presha.

Ijumaa, 18 Julai

Nimempigia Ouma. Nimesema wazike.

Alianza kunishukuru, nikamwambia asinishukuru, apande juu ya kichuguu aongee vizuri. Akacheka. Kisha nikasikia ameanza kulia, mwanamume mzima. Sikuwahi kufikiri kwamba Ouma naye alikuwa hajazika kaka yake.

Tunaondoka mchana na Omondi. Koti nimelikunja kwenye mfuko.

Jumamosi, 19 Julai. Pap Onditi

Limezikwa.

Sikujua ni zito hivyo. Waliliweka mapajani mwangu kwanza, ndani ya shuka. Nilitaka kuliona kama tunda. Nilishindwa kuliona kama tunda.

Wanawake walikuwa wamejiandaa. Mkubwa wao, yule yule aliyenung'unika mwaka ule, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, akaniambia nilitoe koti nilivae, nikae nalo mpaka matanga yaishe. Nikawaambia nimeshalivaa. Nimelivaa mvua na kiangazi, Kisumu nzima imeniona, nimeshachongwa nalo. Hawakuelewa. Omondi akawaeleza, kwa Dholuo, polepole, habari za sanamu na boti na kifungo. Kisha yule mama wa fimbo akasema, "Basi huyu amemaliza. Sisi ndio tumechelewa."

Tukalifunga yago kwa koti. Mikono ya koti nikaikunja mbele mwenyewe. Kifungo chekundu nilikifunga cha mwisho. Sasa amekiona.

Nililia pale lilipogusa chini. Kwa sauti, bila adabu, kama mjane. Ouma alinishika begani hadi nilipomaliza.

Kesho wazee watakaa na Omondi kupanga siku ya kufungua boma lake. Amechagua mahali penye mkuyu na mawe mengi. Baba yake angemwambia mawe hayo yatamuua. Nimemwambia kwa niaba yake.

Jumapili, 27 Julai

Bustani. Nimevaa sweta la kijani. Baridi imenipata kifuani, palepale penye kifungo.

Mama Rose amenisalimu kwa sauti ya chini, nikamwambia acha hivyo, nicheke kama zamani. Akacheka kidogo.

Kuna watu wa picha kwenye sanamu. Msichana mmoja aliweka mkono wake nyuma ya sikio kuiga, mwenzake akampiga picha. Wakaulizana huyu ni nani. Mmoja akasema ni mvuvi. Mwingine akasema hapana, ni mtu anayezungumza kwenye simu. Nilinyamaza. Ule ukuta bado ni mchicha.

Walipoondoka niliketi. Si mahali pangu pa kawaida. Nilihamia upande wa kulia wa mtu wa chuma, upande wa sikio lake zima, ambako Ogola alitaka nikae siku zote tukiwa kanisani. Nikamwambia kuhusu Omondi na mawe. Nikamwambia Ouma alilia. Nikamwambia vifaa vya masikio nitapata mwezi ujao, na kwamba nilimcheka sana bure. Sijui nilikuwa nazungumza na yeye au na mimi mwenyewe. Lile koti tumelivaa wote.

Boti imepita. Mkono wangu ulipanda, nikauona unapanda, nikauacha.

Kisha nikatembea mizunguko yangu, nikarudi Migosi kunywa chai.